Ndege ya Injini Tatu na Masikio ya Mama

Watu wengi huona kusubiri ni adhabu. Mimi nilikuwa nikilipwa kusubiri, na sitaki kudanganya, niliipenda kazi ile. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kijana wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na kila Jumapili nilifuatana na mabasi yetu hadi uwanja wa ndege wa Mombasa kuwapokea wageni waliokuja kwa ndege ya kukodi kutoka Ulaya. Nilisimama mbele ya mlango wa kutokea nikiwa nimeinua kibao chenye jina la hoteli, shati limetiwa wanga mpaka kola inanikwaruza shingo. Ndege haikuwahi kufika kwa saa iliyoandikwa. Mara imechelewa kuondoka, mara imeshuka njiani kutia mafuta, mara hakuna anayejua iko wapi. Tulikaa, tukala njugu, tukatazama mawingu.

Wageni walikuwa kazi yangu, lakini roho yangu ilikuwa kwenye ndege yenyewe. Ilikuwa na tumbo pana ajabu, na injini tatu: moja chini ya kila bawa, na ya tatu imepachikwa juu kabisa, mkiani. Hiyo ya tatu ilinikosesha raha. Ilipanda vipi kule? Fundi akitaka kuitengeneza anatumia ngazi ya wapi? Na kwa nini tatu, si mbili wala nne? Niliwauliza wapagazi, nikamuuliza askari wa langoni, nikamuuliza mtu wa lori la mafuta, mpaka wakawa wakiniona nakuja wanageuza nyuso.

Dereva wa basi letu la kwanza, mzee wa Kidigo kutoka Msambweni, ndiye pekee aliyenijibu bila kusita.

"Hiyo ya nyuma ni stepni," alisema.

"Stepni? Kama tairi la akiba?"

"Sasa wewe unadhani mtu atatoka Ulaya mpaka hapa bila stepni? Ikizima moja njiani, wanawasha ile."

Nilimwamini kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kwa sababu alikuwa akizungumza polepole na alivaa miwani.

Kabla sijaendelea na ndege, sharti nimweleze mama, maana habari hii ni yake kuliko ilivyo yangu. Mama alikuwa opareta wa simu katika hoteli hiyohiyo. Alikaa katika chumba kidogo nyuma ya kaunta ya mapokezi, hedifoni kichwani, mbele yake swichibodi yenye taa nyingi ndogo, kila chumba na taa yake. Mgeni akiinua simu chumbani, taa inawaka, mama anachomeka waya na kusema "Habari, nikusaidie nini?" kwa Kiingereza, kwa Kijerumani cha kujifunza kazini, au kwa Kiswahili. Alizaliwa Mackinnon Road, akaja pwani kuolewa, na baada ya baba kufariki akabaki na mimi katika nyumba yetu ndogo ya Tiwi. Kiswahili cha pwani alikichukua chote na adabu zake, mpaka watu waliomsikia kwenye simu walimuuliza kwao ni Mji wa Kale mtaa gani. Aliipenda sauti yake. Nikimsikia kazini nilikuwa nikijisifu kimoyomoyo kwamba huyu ni wangu.

Na masikio ya mama yalikuwa yakimtoka.

Sikujua lini yalianza. Nilianza kuona redio nyumbani ikipanda sauti kila mwezi. Nikimwita akiwa amenipa mgongo, hageuki. Nikimuuliza kama amekula, ananijibu kwamba nguo amekwisha zianua. Mwanzo nilicheka naye, kisha siku moja nikaona sufuria ya maharage inakauka na kuungua, kifuniko kinarukaruka kwa kelele, na mama ameketi hatua chache tu akisuka ukili wa mkeka, ametulia. Harufu ndiyo iliyomwinua.

Nilimuuliza waziwazi. Aliacha kusuka.

"Haya mambo ni ya humu ndani," aliniambia. "Ukiyasema hotelini, utakuwa umenivua nguo sokoni."

Niliapa. Opareta asiyesikia, nani atamweka? Mama alikuwa amebakisha miaka kadhaa kabla ya kustaafu, lakini si hilo lililomuuma. Alikuwa mtu wa sauti. Kumtoa kwenye swichibodi na kumpeleka, tuseme, kukunja taulo kwa dobi, ingekuwa kumwambia amekwisha. Kwa hiyo alifungua kitufe cha sauti ya hedifoni mpaka mwisho na akaendelea kwa ujanja. Taa ikiwaka asubuhi mapema, ni mgeni anayeuliza kifungua kinywa. Ikiwaka jioni, anataka laini ya nje. Asipopata neno anasema, "Samahani, laini haiko safi, tafadhali rudia," na kwa kuwa laini zetu za simu zilikuwa kweli mbovu, hakuna aliyemshuku.

Nilimbembeleza mpaka akakubali tuende kwa daktari wa masikio Mombasa. Daktari alimchungulia, akampigia vyuma vyake karibu na sikio, akauliza maswali kwa sauti kubwa. Alisema sauti nyembamba zimekwisha potea, ila kuna mashine ndogo ya kuvaa nyuma ya sikio inayoweza kumsaidia, ikiwa sauti nzito bado anazo.

"Sauti nzito unazisikia, mama? Ngurumo? Ndege?"

Mama aliinua kidevu. "Ndege? Ndege mimi naisikia kabla ya watu wote hotelini. Muulize huyu."

Nikasema ni kweli, kwa sababu ilikuwa kweli. Daktari akafurahi, akamwambia arudi apimwe vizuri. Mama akawa na sababu za kutorudi: leo ana zamu, kesho ana kikundi cha kanisani, keshokutwa feri ya Likoni ina foleni. Mimi sikumsukuma sana. Nilikuwa na ndege ya kushikilia. Maadamu mama anaisikia ndege, nilijiambia, kipo kitu kilichobaki cha kukuzwa.

Sasa nieleze hiyo habari ya kuisikia ndege, maana nje ya hoteli yetu hakuna atakayeielewa. Kwa sababu ndege ilikuwa ikichelewa bila taratibu, na simu za mkononi hatukuwa nazo, hoteli haikuwa na njia ya kujua wageni watafika saa ngapi. Simu ya uwanjani ilikuwa na foleni au imekufa. Lakini wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, ndege zinazokuja Mombasa hutua zikitokea kusini, na ile kubwa ilikuwa ikishuka mbele ya Diani juu ya bahari, kisha inakata kuelekea Tiwi na Matuga. Niliuliza mpaka nikajua sababu: ndege hutua ikiutazama upepo. Basi mama, pale kwenye kiti chake, mikono ameiegemeza kwenye meza ya swichibodi, alikuwa akiinua kichwa na kusema, "Imepita." Hapo hapo anapiga simu jikoni, anapiga simu kwa dobi, anapiga simu kwenye chumba cha wachezaji wa ngoma. Jikoni wanaanza kukata madafu. Dobi anatoa taulo baridi. Wachezaji wanafunga njuga miguuni. Kwa hesabu ya mizigo, barabara na feri, basi la kwanza linafika mlangoni wakati kila kitu kiko sawa, na wageni wanadhani tumesimama tukiwangoja tangu asubuhi.

Hakuna mwingine aliyejishughulisha kusikiliza. Kwa nini ajishughulishe? Mama hakuwahi kukosea. Watu walikuwa wakimtania kwamba masikio yake yana kibali cha kuongoza ndege, naye anacheka kuliko wao.

Marubani na wenzao walikuwa wakilala kwetu kati ya safari moja na nyingine, na hao niliwatolea maswali yangu yote. Marubani wawili walikuwa watu wa kuchoka na kulala. Lakini kulikuwa na wa tatu, mhandisi wa ndege, mwanamume mwenye upara na mwenye kupenda madafu, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya marubani akiangalia saa na vipimo vya injini safari nzima. Nilipomweleza nadharia ya stepni alicheka hadi dafu likammwagikia kifuani. Kisha akanichorea kwenye kitambaa cha karatasi jinsi hewa inavyoingia kwenye mdomo ule ulio juu ya mgongo wa ndege na kushuka kwa bomba lililopinda hadi kwenye injini ya mkiani. Injini zote tatu zinafanya kazi wakati wote, alisema. Zamani watu hawakuamini injini mbili kuwavusha mbali na nchi kavu.

Nilimpelekea dereva habari hizo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," alisema. "Lakini ikizima moja, si zinabaki mbili? Basi hiyo ni stepni."

Jumapili moja mhandisi yule alizungumza na watu wa uwanjani nikaruhusiwa kupanda pamoja na wafagiaji, wageni wakiwa wamekwisha shuka. Sijawahi kuingia mahali palipojibu maswali yangu na kunipa mengine mapya namna ile. Kulikuwa na njia mbili za kupita, si moja, na viti vingi katikati, hata mtu aliyekaa kati asingeona dirisha isipokuwa kwa kuwaomba radhi watu wengi. Vyoo vilikuwa nyuma kabisa, vimepangwa mzunguko. Kwenye mikono ya viti kulikuwa na visahani vya majivu vilivyofungwa kwa skrubu. Na katikati ya sakafu, kitu ambacho mpaka leo nikikisimulia watu wananikatalia: lifti. Lifti ndogo ya kumtosha mtu mmoja na mkokoteni wake, inashuka chini ya sakafu, na huko chini kuna jiko! Wahudumu walikuwa wakipasha chakula chini ya miguu ya abiria na kukipandisha kwa lifti. Nilishuka nayo, nikapanda, nikaomba kushuka tena. Mfagiaji mmoja mwanamke aliniuliza kama nyumbani sina kazi.

Lakini niliona mengine pia. Zulia lilikuwa limekwisha njiani. Vipande vya ukuta vilikuwa na rangi tofauti tofauti, kila kimoja kimetolewa kwenye ndege nyingine iliyokwisha kufa. Nambari za viti zilikuwa zimebandikwa juu ya nambari nyingine. Niliweka mkono kwenye ukuta karibu na mlango nikahisi huruma, jambo la kuchekesha, kuhurumia bati.

Mhandisi alikuwa nyuma yangu. Ndipo aliponiambia kwamba kampuni inazistaafisha hizi zote. Zinakula mafuta mno, vipuri ni shida, na wageni wa kujaza viti vyote wamepungua tangu watu walipouawa katika vurugu za Likoni. Inakuja ndogo ya injini mbili, mpya, na mbele inaendeshwa na watu wawili tu.

"Na wewe?" nilimuuliza.

"Mimi nina bustani," alisema. Sikumuuliza zaidi, nami si kawaida yangu kuacha kuuliza.

Usiku ule sikumwambia mama. Nilimwambia kesho yake alasiri, amekaa barazani akichagua mchele. Nilimsimulia kwa sauti ya juu, nikiwa mbele yake ili anione mdomo, kuanzia lifti mpaka injini mbili. Alisikiliza habari ya jiko la chini ya sakafu kwa furaha kabisa. Nilipofika kwenye ndege mpya, aliuliza jambo moja tu.

"Ina kelele?"

"Wanasema ina sauti ndogo sana."

Aliendelea kuchagua mchele. Alichagua mpaka sinia likawa halina cha kuchagua, na bado vidole vinatembea.

Jumapili ndege mpya ilipokuja kwa mara ya kwanza, nilikuwa uwanjani kama kawaida. Niliiona ikiteleza chini na kukaa kwenye lami bila kishindo, nzuri, nyeupe, safi, nikaichukia papo hapo. Ilifika mapema pia. Wageni walikuwa wachache, mizigo ikatoka upesi, feri ikatupokea bila foleni, na dereva akakanyaga mafuta toka Likoni hadi Diani akinung'unika kwamba ndege isiyo na stepni haina heshima. Tulipopita Ngombeni, tulipopita Waa, nilikuwa nikijiambia, atakuwa ameisikia.

Basi likasimama mlangoni. Hakukuwa na mtu.

Hakukuwa na madafu, hakukuwa na taulo, hakukuwa na ngoma. Wageni walishuka juani wakatazama kushoto na kulia. Kwa mbali nilimwona mchezaji mmoja wa ngoma akikimbia kutoka kantini ya wafanyakazi na njuga mguu mmoja, mdomo umejaa. Mtunza bustani, aliyekuwa akimwagilia maua, aliona aibu kwa niaba ya hoteli nzima. Akaweka chini mpira wa maji, akafuta mikono kwenye suruali, akaanza kupiga makofi na kuimba wimbo wa kukaribisha, peke yake, kwa sauti mbovu isiyo na mfano. Bibi mmoja wa Kizungu alianza kupiga makofi naye. Nadhani ndiye mgeni pekee aliyefurahi siku ile.

Niliingia mapokezi nikachungulia chumba cha swichibodi. Mama alikuwa amekaa wima, hedifoni kichwani, uso umetulia. Aliponiona akashtuka, akatazama saa ya ukutani. Nilitikisa kichwa. Akaelewa.

Kwenye chakula cha wafanyakazi maneno yakawa mengi. Wengine walimtetea: ndege hii mpya haisikiki, hata sisi hatukuisikia. Nilianza kupumua. Kisha mtunza bustani, maskini, bila nia mbaya yoyote, akasema, "Mimi niliisikia. Ilipita hapa juu, kama feni kubwa hivi. Nikajua mama ameshapiga simu."

Mkuu wa mapokezi, kijana wa bara aliyetufikia mwaka ule, akamgeukia mama. "Lakini mum, si wewe ndio alarm yetu? Kwani hukuskia?"

"Nilikuwa na mgeni kwenye simu, mwanangu," mama alisema. "Sikio moja haliwezi kukaa pahali pawili."

Watu walicheka, mambo yakapita. Lakini jioni mkuu wa mapokezi aliniita kando akaniuliza kama mama yuko sawa, kwa sababu juzi mgeni aliomba kuamshwa saa kumi na moja akaunganishwa na dobi. Meneja alikuwa amesikia pia. Baada ya Pasaka, mkuu huyo alisema, mama angepelekwa kwa daktari wa hoteli. Hakulisema kwa ubaya. Nilirudi Tiwi na mama kwenye basi la wafanyakazi, tumekaa pamoja.

Wiki zilizofuata kijana mwingine wa mapokezi aliwekwa kusimama ufukweni kila Jumapili kuitazama ndege kwa macho. Mama akawa anaambiwa imepita, ndipo anapiga simu.

Kisha mhandisi, aliyekuja safari hii kama abiria tu kwenye ndege ndogo, akatuletea habari: ndege kubwa ingerudi mara moja ya mwisho kuwachukua wageni wa Pasaka, kwa kuwa ile ndogo isingewatosha. Ikishawafikisha kwao inaenda kuegeshwa jangwani, mahali zinakopelekwa zikisubiri kukatwa. Niliuliza jangwa gani, zinakatwa kwa nini, nani anabaki na viti. Alinijibu yote kwa uvumilivu, kisha akaniomba dafu la mwisho.

Nilimwomba mama aombe ruhusa siku hiyo tufuatane. Nilikuwa na sababu yangu. Mhandisi alinieleza kwamba ikiondoka imejaa watu na mafuta, ndege ile hunguruma kuliko inaposhuka. Nilitaka nimwone mama akiisikia, kwa macho yangu, kabla ya daktari wa hoteli. Nikipata hakika hiyo, nitambeba nimpeleke Mombasa akapate mashine yake, apende asipende, na meneja atamkuta ameshavaa masikio mapya.

Mama alivaa gauni lake la kanisani. Dereva alimpa kiti cha mbele, akamwamkia vizuri, akamweleza njia nzima habari za stepni, naye mama akawa anaitikia "Naam, naam" kila alipoona mdomo umetulia. Tulipokwisha waingiza wageni ndani, tulitembea sisi watatu hadi kwenye ua wa seng'enge upande wa mwisho wa njia ya kurukia. Tulikuta watu wengi: wapagazi, wafagiaji, mtu wa lori la mafuta, wanawake wa chai. Yule mfagiaji aliyeniuliza kama nyumbani sina kazi alikuwepo amevua ovaroli. Nikaona kumbe hatukuwa wawili watatu tulioipenda. Hakuna aliyejua aseme nini, kwa hiyo kila mtu alisema ni kubwa.

Kusi, upepo utokao kusini, lilikuwa limeanza kuvuma, kwa hiyo ingekuja upande wetu. Ilikaa kule mwisho muda mrefu, moto unatetemeka nyuma yake. Halafu ikaanza. Mwanzo ni mngurumo wa chini, kisha ukapanda, ukaja, ukaja, mpaka ukawa hauna pa kuingia tena. Dereva aliziba masikio. Wanawake wa chai waliweka birika chini wakaziba masikio. Mimi nilikuwa nimegeuka kumtazama mama. Miaka yote ile nilikuwa nikiitamani ndege ile, na wakati magurudumu yake yanaachana na ardhi yetu kwa mara ya mwisho sikuyaona.

Mama alikuwa ameweka kiganja kwenye seng'enge, macho ameyafumba. Waya ulikuwa ukitetemeka hata mimi niliuona. Uso wake ulijaa furaha, furaha ya mtu aliyekutana na ndugu, nami nikajiambia: anaisikia! Nilikuwa karibu kumkumbatia.

Ndege ikapita juu ya vichwa vyetu. Seng'enge ikatulia. Mama akafumbua macho, akashusha mkono.

"Imekwisha?" aliniuliza.

Ilikuwa haijakwisha. Ilikuwa juu ya upande wa Likoni, inakata kuelekea baharini, inanguruma bado, hewa yote imejaa. Dereva alikuwa akiniambia jambo, ameukaribia uso wangu kabisa, nami sikupata hata neno lake moja.

"Nasema, imekwisha?"

Aliutazama uso wangu, kisha akageuza macho polepole akawatazama watu waliopanga mstari kwenye ua, wote bado vidole viko masikioni.

"Kumbe bado," alisema.

Akakiangalia kiganja chake. Nilikuwa namwona akirudi nyuma, Jumapili kwa Jumapili, mpaka kwenye ile meza ya swichibodi aliyokuwa akiegemeza mikono yake.

"Mimi nilidhani kutetemeka huko ndiko kusikia," alisema.

Sauti ya ndege ilipungua kidogo kidogo, watu wakatoa vidole, wakaanza kuzungumza, wakaokota birika zao. Mama alijua imeondoka kwa kuwaona wao. Alinyoosha gauni lake, akanishika mkono juu ya kiwiko, kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara.

"Twende sasa hivi kwa meneja," alisema. "Nataka nimwambie mwenyewe, kwa sauti yangu, nikiwa bado naijua ilivyo."